Nyumba ya Kazi na Nyumba ya Mtu: Habari za Makao ya Serikali tangu Machimboni hata Hola na Bura



Ni desturi ya taarifa hii kutenga kurasa chache kwa habari za kale, ili hesabu za fedha na majina ya waliolipa ada zisiwe peke yake mbele ya msomaji. Mwaka huu Halmashauri imenitaka niandike juu ya nyumba. Sina maana ya nyumba tunazojenga wenyewe kwa miti na udongo, wala zile za nyasi walizojenga babu zetu ukingoni mwa mto. Nasema habari za nyumba zijengwazo na Serikali, au na kampuni kwa ruhusa ya Serikali, ili watu wa kazi wapate mahali pa kulala. Kila aliyehudhuria mikutano yetu aijua sababu. Mashauri mengi yaletwayo mezani, kama la mjane asiyejua iwapo ataachwa akae, au la kijana aliyefiwa na baba na shamba lingali kwa jina la marehemu, mwishowe hurudi kwenye swali moja: nyumba hii ni ya nani?

Bonde la Tana halina mji wa machimbo. Hapana shaba Hola wala almasi Ngao. Hata hivyo habari yetu haina budi kuanzia machimboni, kwa kuwa huko ndiko fikira ya nyumba ya kazi ilikokomaa, na fikira hiyo ndiyo iliyotufikia sisi baadaye ikiwa imevaa nguo nyingine.

Katika miaka ya 1880, kule Kimberley, Afrika ya Kusini, wenye migodi ya almasi walianza kuwafungia wafanya kazi wao katika kambi zenye ukuta. Mtu aliingia siku ya kuandikwa, akatoka siku mkataba wake ulipokwisha. Walisema wanazuia wizi wa almasi. Lakini kambi ilikuwa na faida nyingine kwa mwajiri: mtu aliyekula na kulala ndani hakuwa rahisi kutoroka. Mfano huo, ingawa si kwa ukali ule ule, ulipanda kaskazini pamoja na reli.

Katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo tangu 1964 ni Zambia, machimbo makubwa ya shaba yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Serikali ya huko ilikuwa na imani moja iliyoandamana na sheria zake zote: kwamba Mwafrika mjini ni mgeni, na kwao ni kijijini. Ikiwa ni mgeni, basi nyumba yake yaweza kuwa chumba kidogo, maana hakuja na mke wala wazee. Na akiugua au akizeeka, atarudi alikotoka wamtunze wa kwao. Wengi katika wazee wetu waliofanya kazi Mombasa wataitambua fikira hiyo bila kuelezwa. Haikuwa fikira ya ujinga. Ilikuwa hesabu ya fedha. Gharama ya kulea mtoto na kumtunza mkongwe iliachiwa kijiji, na kampuni ikachukua miaka ya nguvu tu. Mwaka wa 1935 wachimbaji waligoma kwa sababu ya kodi, na watu sita wakauawa kwa risasi pale Luanshya. Mwaka wa 1940 waligoma tena kwa ajili ya ujira, na mara hiyo waliouawa walikuwa kumi na saba. Ndipo polepole Serikali ikaanza kukiri ya kwamba watu hawa hawarudi vijijini, na sheria ya mwaka wa 1948 ikawalazimisha waajiri na mabaraza ya miji kuwapa makao ya kufaa pamoja na wake zao.

Upande wa pili wa mpaka, katika Katanga ya Kongo, kampuni ya Union Minière ilikuwa imetangulia. Kampuni hiyo iliundwa mwaka wa 1906, na mji wa Elisabethville, uitwao sasa Lubumbashi, ukaanza mwaka wa 1910. Katika miaka ya mwanzo watu walikufa kwa wingi kambini kwa maradhi, na mawakala wa kuandika watu walihangaika mwaka hata mwaka kutafuta wengine. Kuanzia karibu na mwaka wa 1926 kampuni ikageuza njia. Ikatoa mikataba ya miaka mitatu, ikawaruhusu na hata kuwahimiza watu kuja na wake zao, ikajenga nyumba za matofali, hospitali na zahanati za watoto, na mapadre wakafungua shule ndani ya kambi. (Na lugha ya kambi hizo ilikuwa Kiswahili, jambo ambalo husahauliwa na wanaodhani kwamba lugha yetu ilikomea Ujiji.)

Karani mwenye haki hana budi kuandika pande zote mbili. Nyumba zile zilikuwa bora kuliko mabanda ya makapera, na watoto waliozaliwa ndani yake walipona kwa wingi kuliko waliozaliwa zamani. Lakini aliyejenga alitaka kujua kila alalaye ndani. Posho ilipimwa kwa idadi ya watu wa nyumba. Mgeni alihitaji ruhusa. Mwana aliyefaa kazi alitazamiwa kuingia kazini. Na siku mtu alipofukuzwa, au alipostaafu, funguo zilirudi ofisini. Mwezi wa Desemba 1941 wafanya kazi wa Elisabethville waligoma kwa ajili ya ujira, na askari wakapiga risasi katika umati, wakafa makumi. Waliokufa walikuwa na nyumba nzuri. Naliandika hili kwa sababu nimesikia vijana wakisema kwamba mtu akipewa nyumba hana la kulalamika tena.

Sasa nirudi Kenya. Machimbo yetu yalikuwa machache. Kampuni ya magadi ilianza kule Ziwa Magadi mwaka wa 1911, ikajenga mji wake katikati ya joto na chumvi, na hata leo ukienda huko utauona kuwa ni mji uliokusanyika kuzunguka kiwanda kimoja. Dhahabu iligunduliwa Kakamega mwaka wa 1931, na tukio lililofuata lapasa kukumbukwa na kila mzee wa baraza. Mwaka wa 1930 Serikali ya kikoloni ilikuwa imetunga sheria ya kuzilinda ardhi za wenyeji, ikaahidi ya kuwa ni zao milele, na kwamba kipande kikichukuliwa watapewa ardhi nyingine badala yake. Mwaka wa 1932, dhahabu ilipoonekana, sheria hiyo ikarekebishwa ili fidia iweze kuwa fedha tu. Milele ile ilidumu miaka miwili.

Palipokuwa hapana machimbo, reli na bandari zilifanya kazi ya machimbo. Nairobi palijengwa landi za Reli pale Muthurwa, safu kwa safu, karibu na karakana, ili king'ora kikilia mtu asiwe na udhuru. Baraza la mji lilipojenga, katika miaka ya 1940, mitaa kama Ziwani na Kaloleni, hiyo ilikuwa hatua, maana Kaloleni ilifikiriwa kwa ajili ya watu wenye jamaa. Lakini sehemu kubwa ya makao ya Waafrika mjini iliendelea kuhesabiwa kwa kitanda, si kwa familia. Mombasa mambo yalikuwa na sura yake. Mwezi wa Julai 1939 wafanya kazi waligoma, kuanzia wale wa Idara ya Ujenzi, na dai lao la kwanza lilikuwa nyumba au posho ya nyumba. Serikali ikakubali kutoa posho. Naona huo ni ushindi mkubwa kuliko tunavyoufikiri, kwa sababu aliyepewa fedha ya nyumba alichagua mwenyewe mlango wa kuufungua, na mwajiri hakuwa na ufunguo wake. Hata sheria ya kazi ya mwaka wa 2007 ingali na alama ya siku zile: kifungu chake cha 31 chamtaka mwajiri ama atoe makao ya kufaa ama alipe kiasi cha kutosha kupangia nyumba. Wanachama wenye mshahara waitazame karatasi ya malipo ya mwezi, wataliona jambo hilo katika mstari wake.

Mombasa pia palikuwa na desturi nyingine, nayo yafaa kulinganishwa na yetu ya mtoni. Katika mitaa ya Majengo mtu aliweza kujenga nyumba yake ya Kiswahili juu ya kiwanja cha mtu mwingine, akamlipa mwenye ardhi kodi ya kiwanja. Kuta, paa na milango ni vyake. Udongo ulio chini si wake. Desturi hiyo ina hatari zake, na wengi wamebomolewa baada ya ardhi kuuzwa. Lakini hata hapo mwenye nyumba aliweza kuiuza, kuipangisha, na kuwarithisha watoto wake kuta na paa.

Mwaka wa 1954 halmashauri iliyoongozwa na Carpenter ilitoa taarifa yake juu ya ujira wa Waafrika. Ilisema waziwazi kwamba mtu anayelipwa na kulazwa kama kapera hawezi kutulia kazini wala kulea jamaa mjini, na ikashauri ujira upandishwe hatua kwa hatua hata ufike wa mtu mwenye mke na watoto. Basi katika mwaka ule ule ambao wakubwa wa Nairobi walikuwa wakisoma maneno hayo, kwetu mtoni kulikuwa na kambi nyingine ikijengwa, wala haikuwa ya watu wenye ujira wa kugombania.

Hola, au Galole kama waitavyo wengine, ilichaguliwa mwaka wa 1953, wakati wa Hali ya Hatari, iwe mahali pa kilimo cha maji ya mto. Mifereji ilichimbwa na mahabusu wa Mau Mau. Nia ya Serikali ilikuwa kwamba wale walioonekana hawabadiliki wakae huku daima, mbali na kwao, wapewe vipande vya ardhi na hata waletewe jamaa zao. Kwa hiyo makao ya kwanza ya Serikali ya namna hii katika wilaya yetu yalikusudiwa kuwa makao ya uhamisho. Tarehe 3 Machi 1959 walinzi waliwapiga mahabusu waliokataa kazi, wakafa watu kumi na mmoja. Habari ya kwanza iliyotolewa ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo haukudumu, na Bunge la Uingereza lilijadili mauaji hayo mwezi wa Julai mwaka huo. Wazee waliokuwa Hola siku hizo hawahitaji kuelezwa na mimi. Nimeliandika kwa ajili ya wajukuu wao, ambao hupita juu ya mifereji ile kwenda shuleni.

Mahabusu walipokwisha kuondoka, mifereji ilibaki, nayo Serikali ikawaalika wakulima, wengi wao watu wa mto wenyewe. Mwaka wa 1966, baada ya Uhuru, ilitungwa Sheria ya Umwagiliaji, na Bodi ya Taifa ya Umwagiliaji ikaundwa isimamie Hola, Mwea na mipango mingine. Kanuni za mwaka wa 1977 zikafuata. Nawaomba wanachama wasome sehemu hii polepole, kwa maana ndipo penye kiini cha mashauri yetu.

Kwa kanuni hizo mkulima hakuwa mwenye shamba. Alikuwa mwenye leseni. Alipewa kipande cha ardhi na mahali pa kukaa. Bodi ikamlimia, ikampa mbegu, dawa na maji, ikanunua pamba yake, na gharama zote zikakatwa kabla hajashika fedha. Msimu ukiwa mbaya, mtu aliweza kuvuna na bado akawa na deni. Asingeweza kujenga jengo jingine ila kwa ruhusa, wala kufuga mifugo isipokuwa ile iliyoandikwa katika leseni yake. Akivunja masharti, leseni ilifutika, na leseni ikifutika nyumba nayo ilikwenda. Aliruhusiwa kumtaja kwa maandishi mtu wa kushika mahali pake akifa, lakini mtu huyo naye alipaswa kukubaliwa. Mke aliyelima safu kwa safu pamoja na mumewe hakuwa na jina lake kokote, isipokuwa mume amemtaja.

Mkiyaweka masharti haya kando ya yale ya kambi za Katanga mtaona ndugu wawili wa baba mmoja. Tofauti ni moja, nayo ni kubwa. Mchimbaji aliambiwa tangu siku ya kwanza kwamba yeye ni mgeni. Mkulima wa mpango aliambiwa kwamba hapa ndipo kwake.

Tena kuna mto. Babu zetu Wapokomo walijua kwamba Tana haikai mahali pamoja. Huacha mkondo wake ikafanya mwingine, na penye maji mwaka huu huwa ziwa lililokatika baada ya miaka, kisha shamba. Ndiyo maana nyumba ya zamani ilikuwa nyepesi, na kijiji kiliweza kuhama na jina lake, na wazee wa Gasa wakagawa upya mashamba ya ukingoni. Waorma nao walikuwa na nyumba za matawi yaliyopindwa na mikeka, ambazo wanawake waliweza kuzifungua na kuzipakia. Kumbe watu walioonekana hawana makao walikuwa na elimu ya makao. Mpango wa Hola ulijengwa kana kwamba mto umeahidi kutoondoka. Mwaka wa 1989 Tana ilibadili mkondo wake, mashine za kuvuta maji zikabaki kavu, na kilimo kikafa kwa miaka mingi. Mkulima aliyekuwa na ndugu katika vijiji vya ukingoni alirudi kwao akaomba mahali. Asiye na ndugu alibaki na nyumba karibu na mfereji usio na maji, na nyumba yenyewe si yake.

Bura ilikuwa kubwa zaidi, na majonzi yake ni makubwa zaidi. Mpango huo ulipata fedha mwaka wa 1977 kutoka Benki ya Dunia na serikali za nje. Ulikusudiwa kumwagilia hekta 6,700 na kuwaweka maelfu ya jamaa zisizo na ardhi kutoka kila upande wa Kenya, pamoja na wenyeji wa wilaya hii. Wa kwanza waliingia mwaka wa 1981. Kila jamaa ilipewa hekta 1.25 za kulima pamba na mahindi, na nyumba ndogo kijijini, chini ya mabati, katika nchi ambayo mchana wa Februari hata mbuzi hutafuta kivuli cha ukuta. Gharama ziliruka juu kupita makadirio, kazi ikapunguzwa, na mwisho zilizopata maji ni karibu hekta 2,500 tu. Jamaa zilizokaa zilizidi kidogo 2,000, katika vijiji kumi.

Maji yalivutwa kwa mashine pale Nanigi, kwa mafuta ya dizeli, wakati bwawa la kuyaleta kwa mteremko likingojewa. Mashine zilipoharibika, au mafuta yalipochelewa, pamba ilikauka ikiwa imesimama. Kufika mwisho wa miaka ya 1980 mpango ulikuwa ukianguka, na katika miaka ya 1990 sehemu kubwa ya mashamba haikulimwa kabisa. Serikali ilirudi kuufufua baada ya mwaka wa 2000.

Nimetembea katika vijiji vile kwa kazi ya Chama, nikazungumza na mama mmoja aliyeletwa akiwa mtoto. Alinionyesha nyumba ambayo wazazi wake walipewa, na nyuma yake vibanda viwili vya udongo walivyojijengea ndugu zake walipooa. Waliotunga ramani walihesabu mume, mke na watoto wadogo. Hawakuhesabu kwamba watoto watakua. Nyumba za machimbo zilikuwa na kosa hilo hilo, lakini huko kampuni ilikuwa na jibu: kijana aende kazini apate nyumba yake. Bura hapakuwa na nyumba ya pili wala hekta ya pili.

Na si wakaaji tu walioguswa na nyumba hizi. Mahali palipopita mifereji na vijiji palikuwa na malka, yaani njia za mifugo kwenda mtoni, na ndugu zetu wafugaji walijikuta wakikatazwa kupita mahali ambapo babu zao walinywesha. Nyumba zilihitaji kuni na kivuli, na msitu wa mto ulikuwa ukikatwa. Hivyo katika miaka ya 1980 ikapandwa miti ya kigeni, miongoni mwayo ule tuuitao mathenge. Hiyo ndiyo asili ya miiba inayoziba mifereji na malisho yetu mpaka leo. Mti ulioletwa kumpikia mkaaji wa nyumba ya Serikali umegeuka kuwa mkaaji mwenyewe, tena hana leseni.

Watu wa Garsen husema, "Sisi hatukujengewa, basi hayo hayatuhusu." Ni kweli kwamba Garsen ilikua yenyewe. Ilikuwa kivuko cha njia ya Malindi na Lamu, na mwenye duka, mwenye mtumbwi na mwenye ng'ombe kila mmoja alisimamisha nyumba yake. Lakini mwaka wa 1974 iliundwa mamlaka ya kuendeleza mto wa Tana, nayo baadaye ikaanzisha mpango wa mpunga katika nchi ya chini, karibu na Garsen, kwa msaada wa Japani. Mafuriko ya El Nino ya 1997 na 1998 yalivunja kazi zake. Ardhi iliyokuwa imetengwa haikurudi kuwa kama zamani kwa sababu tu tuta limevunjika. Na kila mafuriko yanapokuja, kama ya 2018 na ya 2023, watu hupelekwa mahali pa juu wakae kwa muda, na muda huo hurefuka. Makao ya muda hayana karatasi. Mtu wa Garsen aliyekaa miaka katika mahali alipoonyeshwa na ofisa aliyekwisha hamishwa yu karibu na mkulima wa Bura kuliko anavyodhani.

Machimboni iliishaje? Zambia, kuanzia mwaka wa 1996, Serikali iliamuru nyumba za mabaraza ya miji na za kampuni ya migodi ziuzwe kwa wale waliokaa ndani yake, na wachimbaji wengi walilipa kwa kukatwa katika malipo yao ya kuacha kazi. Wako waliosema ilikuwa zawadi, na wako waliosema ilikuwa hila, kwa maana migodi iliuzwa karibu wakati huo huo na watu wakabaki na nyumba bila ujira wa kuzitengeneza. Naona maneno yote mawili yana kweli. Hata hivyo aliyepata hati aliweza kupangisha chumba, akala. Katanga, mwaka wa 2003 na 2004, zaidi ya wafanya kazi 10,000 wa kampuni iliyorithi Union Minière waliondoka kazini kwa malipo ya mara moja, wengi wakiwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Mtu wa namna hiyo, huduma zote za kambi alizozoea zikiisha, hubaki na kimoja tu cha kushikilia, nacho ni mlango wake, kama ni wake.

Hapa Kenya sera ya kwanza ya nyumba baada ya Uhuru iliandikwa katika Waraka Namba 5 wa Bunge wa mwaka wa 1966/67. Mwaka wa 2024 ilikuja Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, ambayo kwayo wanachama wenye mshahara hukatwa asilimia 1.5, na mwajiri akaongeza kiasi kama hicho. Tangu waraka ule hata sheria hii, mazungumzo mengi ya Serikali juu ya nyumba yamekuwa juu ya idadi: ngapi zimejengwa, ngapi zapungua. Kuhusu mipango ya maji, Sheria ya Umwagiliaji ya 2019 iliiondoa ile ya 1966, na Bodi ikawa Mamlaka ya Taifa ya Umwagiliaji. Sheria ya Ardhi za Jumuiya ya 2016 nayo imefungua mlango kwa jumuiya kuandikisha ardhi zao. Milango hii miwili haitazami upande mmoja. Ardhi ya mpango ilitengwa kutoka katika ardhi ya jumuiya, kwa hiyo jumuiya yaweza kudai kuwa ni yake, na mkulima aliyeletwa akiwa kijana, aliyezika wazazi wake Bura, aweza kudai vile vile, naye si mwongo.

Baadhi ya wanachama wametaka Chama kiunge mkono upande mmoja. Halmashauri haijafanya hivyo, na kwa maoni yangu imefanya vyema, kwa maana tuna wanachama katika vijiji vya mpango na tuna wanachama wenye ng'ombe wanaotafuta malka. Jambo ambalo Chama chaweza kulifanya bila kumdhulumu mtu ni kuhifadhi ushahidi. Mara tatu katika mwaka huu shauri limekwama kwa sababu leseni ya marehemu haikuonekana, au ililiwa na mchwa, au ilichukuliwa na mtu aliyesema ataipiga chapa kisha asirudi.

Kwa hiyo wanaombwa wote wenye leseni za Hola au Bura, barua za kutajwa kuwa mrithi, stakabadhi za makato ya pamba, au barua yoyote ya ofisa aliyewaonyesha mahali pa kukaa baada ya mafuriko, walete nakala ofisini siku ya mkutano wa mwaka. Asiye na njia ya kupata nakala alete karatasi yenyewe, nami nitaiandika neno kwa neno mbele yake na kumrudishia pale pale. Wajane waje wenyewe, si kwa mkono wa shemeji. Na mwanachama mwenye leseni ambaye hajamtaja mtu kwa maandishi, au aliyemtaja mtu aliyekwisha kufariki, aje mapema kabla mkutano haujaanza, tuiandike barua hiyo pamoja.